Nyota ya ncha 25: shajara ya Krismasi yetu Dresden, nyumbani na kanisani

Jumanne 31 Oktoba 2023

Leo huku Saxony, Ujerumani, ni sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, watu wamepumzika, mimi nimetoka zamu ya usiku asubuhi nikalala mpaka saa nane mchana, alafu nikakaa na chai na hili daftari jipya. Nimeamua mwaka huu niandike kila hatua. Kila mwaka tunafanya kwa kukurupuka, Desemba ikifika ndo watu wanaulizana kwenye grupu taa ziko kwa nani, nani anapika, nani ana funguo, mwisho tunaingia kwenye ukumbi ambao Wajerumani wameshaupamba wenyewe sisi tunakaa tunaimba tunaondoka. Wanatupokea vizuri, hilo siwezi kulalamika, ila watoto wetu hawajawahi kuona mama zao na baba zao wakiliandaa kanisa, na mtoto asiyeona kanisa linaandaliwa anadhani Krismasi inakuja yenyewe kama theluji.

Kwa atakayesoma baadaye: sisi ni ushirika mdogo wa Kiswahili, tunakutana Jumapili mbili kwa mwezi mchana baada ya ibada ya wenyeji, watu wazima kama 45 na watoto 31 wakija wote. Wengi Watanzania, kuna Wakongo wa Bukavu na Uvira, Wakenya, na familia 2 za Burundi. Siyo wote wa Kanisa la Moravian, wengine Walutheri, wengine Wapentekoste, tunabebana.

Kazi yenyewe ni nyota. Nyumbani Tukuyu baba alikuwa mzee wa kanisa, na kila Desemba alikuwa anachana mianzi anafunga fremu anaifunika karatasi nyeupe, ndani anaweka tochi ya betri mbili, inaning'inizwa juu ya meza ya Bwana. Nje tulisimamisha migomba miwili mlangoni, ndani matawi ya sipresi na krepu za rangi, mvua inapiga bati mpaka mchungaji anasubiri ipungue ndo aendelee kuhubiri. Ile nyota ya baba ilikuwa na ncha tano tu. Nilipohamia huku nikakuta nyota kila dirisha, kila kibaraza, kila kanisa, kubwa zenye ncha nyingi, nikauliza, nikaambiwa hiyo ni nyota ya Herrnhut. Herrnhut! Hilo jina nimelisikia tangu Sunday school, maana ndiko walikotoka wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo mwaka huu tunaijenga wenyewe kwa mikono, moja kubwa ya kanisa, na nyumbani kwangu nyingine ndogo ya kununua.

Bajeti tuliyochanga ni euro 120. Na muda ni mfupi: Majilio ni zile Jumapili 4 za kuisubiri Krismasi, na Jumapili ya 4 mwaka huu imeangukia tarehe 24 Desemba yenyewe, kwa hiyo Majilio yote ni siku 22, hayawezi kuwa mafupi kuliko hapo.

Jumamosi 4 Novemba

Nyumbani kwanza. Nimeosha madirisha yote leo kabla baridi haijakaza, maana dirisha ndo sura ya Krismasi huku, saa kumi jioni mwezi wa 12 giza linaanza kuingia na mtaa mzima unaishi kwa taa za madirishani. Bibi wa ghorofa ya chini ameshatoa lile tao lake la mbao lenye mishumaa saba, ni kazi za mikono za milima ya Erzgebirge huko kulikokuwa na migodi, akaniambia taa ni kwa ajili ya mchimbaji aliyeshuka gizani asubuhi na kutoka gizani jioni. Nimelipenda sana hilo.

Alafu nimetuma hela nyumbani. Watu tulio huku tunajua, Krismasi unaiandaa kuwili, huku unahesabu mishumaa na kule unahesabu mchele. Nikisubiri Desemba mchele wa Kyela unakuwa umepanda na mama anajibana ananiambia "umetosha mwanangu" wakati haujatosha. Nimetuma leo ya mchele kilo 20, mafuta, sukari, na vitenge viwili. Amepiga akanisalimia "ugonile", akashukuru "ndaga fijo", kisha akauliza kanisa mnalipamba na nini, nikamwambia nyota kama ya baba. Akakaa kimya kidogo, akasema mvua imeanza.

Jumamosi 11 Novemba

Tumeenda Herrnhut. Treni kutoka Dresden mpaka Löbau, alafu basi. Tulikuwa watu wazima 4 na watoto 9, chapati kwenye bakuli na chupa mbili za chai.

Nataka niandike vizuri hii maana watoto watasahau. Mji wenyewe ni mdogo na umetulia, ulianza mwaka 1722 pale wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipopewa ardhi na bwana mwenye eneo lile, Zinzendorf, mti wa kwanza ukakatwa, nyumba ya kwanza ikajengwa. Nilimwambia mama mmoja wa Uvira "hawa walikuwa wakimbizi", akasimama katikati ya barabara akarudia, "wakimbizi?", akawaita watoto wake wawili akawaambia kwa Kiswahili, sikilizeni, hili kanisa lilianzishwa na wakimbizi. Yeye alikaa kambini miaka, sihitaji kueleza zaidi.

Kwenye kiwanda cha nyota unaruhusiwa kuangalia mafundi wakifanya kazi, kina mama wamekaa mezani wanakunja na kubandika kwa mkono, kimya, haraka, kidole kinapita kwenye mkunjo mara moja tu na karatasi inatii. Historia yake ni kwamba karne ya 19 kwenye shule ya bweni ya Wamoravian walimu walikuwa wanafundishia hesabu za maumbo kwa kutengeneza hizi nyota. Watoto wengi pale wazazi wao walikuwa wamisionari nchi za mbali, na Jumapili ya kwanza ya Majilio walikuwa wanaziunganisha. Baadaye kwenye miaka ya 1890 ndo akatokea Pieter Hendrik Verbeek akaifanya iweze kuuzwa ikiwa vipande mtu aunganishe kwake. Mwanangu wa miaka 11, ambaye hesabu ni vita ndani ya nyumba, alisoma lile bango mara mbili akaniambia, mama, wale watoto wazazi wao walikuwa Afrika na wao huku. Nikasema ndiyo. Akasema, sisi bibi yuko Afrika na sisi huku. Nikasema ndiyo baba.

Tumepanda pia makaburini, kilima chenye mistari ya miti, mawe karibu yote yamelala chini ukubwa mmoja, tajiri na maskini sawa, ndugu wa kiume upande wao wa kike upande wao. Nyota ndogo ya kwangu nimenunua palepale, ya karatasi, nyeupe na nyekundu.

Jumatano 22 Novemba

Leo ni siku ya toba na maombi, Ujerumani nzima wanafanya kazi isipokuwa Saxony, kwa hiyo tumekuwa na siku nzima. Sebule yangu imekuwa karakana.

Vipimo, kwa faida ya atakayejenga baada yetu. Kiini ni umbo la pande 26, miraba 18 na pembetatu 8, kila upande sentimita 12. Mstari wa katikati una miraba 8 imezunguka, juu yake miraba 4 na pembetatu 4 zinapishana, chini hivyohivyo, alafu mraba mmoja chini kabisa na mmoja juu kabisa. Ule wa juu hauwekwi ncha, ndipo waya wa taa unapoingilia, ndo maana ncha ni 25 na siyo 26. Kila ncha urefu sentimita 35, kwa hiyo nyota nzima inafika karibu mita moja. Ncha ya mraba unaikata kama feni ya pembetatu nne zilizoshikana, na kile kimdomo cha gundi pembeni, ya pembetatu unakata tatu. Karatasi moja ya A2 inatoa ncha moja.

Tulianza saa nne asubuhi, watu wazima 5 na watoto 12. Wakubwa wanapima na kukata, watoto wa kati wanakwaruza mistari kwa kalamu ya biki iliyoisha wino ili mkunjo uwe mkali, wadogo wanapaka gundi. Saa kumi tulikuwa na ncha 14, nzuri, zimesimama mezani kama kofia. Giza likaingia, baba wa Burundi akasema tujaribu, tukazima taa, akaingiza tochi ya simu ndani ya ncha.

Hakikutoka kitu. Karatasi niliyonunua mimi ilikuwa manila nzito ya gramu 300, niliichagua kwa kuwa ngumu, nikifikiria isianguke, sikufikiria nuru. Ilikuwa inang'aa kwenye mstari wa gundi tu, kwingine giza kabisa. Watoto walikuwa wananiangalia. Kwa kweli niliumia, siyo kwa ile hela, ni zile saa sita za mikono midogo.

Tumekubaliana: manila ile inakuwa kiini, maana kiini kinatakiwa kuwa kigumu, na ncha tunaanza upya kwa karatasi ya gramu 130. Ncha 14 za kwanza hazitupwi, kila mtoto amechukua moja kwenda nayo kwao, nasikia jioni hii nyingine zimeshawekwa madirishani.

Jumapili 26 Novemba

Jumapili ya kukumbuka waliolala. Huku kabla ya leo mtu hawashi taa ya Krismasi, nyota hata kama imeshafungwa inabaki imezimwa, wazee wanashika sana hiyo. Zamani niliona ni masharti tu, sasa naielewa, huwezi kuruka juu ya wafu wako ukaenda moja kwa moja kwenye sherehe.

Ibada yetu mchana tulisoma majina. Kila familia ilileta ya kwao, wengine wamezikwa Goma, Eldoret, Bujumbura, na wengi wetu hatukuwepo siku ya kuzika, tuliangalia kwenye simu. Mimi nilisoma la baba, 2019. Nililia. Baada ya hapo tulikunywa chai tukakata karatasi mpya mpaka saa kumi na mbili.

Jumapili 3 Desemba, Majilio ya kwanza

Theluji imeanguka, imekaa.

Nyota ya nyumbani imewashwa jana jioni. Tuliiunganisha mimi na mwanangu na mdogo wake kwenye zulia, zile pini za shaba unazipitisha kwenye tundu alafu unakunjua miguu yake miwili, vidole vinauma ukifika ya kumi na tano. Imening'inia dirisha la jikoni, mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta kwa hiyo nimefunga uzi kwenye fimbo ya pazia. Saa kumi na moja tukaiwasha, mdogo akakimbia nje na soksi kwenye theluji kuiangalia akiwa barabarani, nikapiga kelele, hakusikia.

Shada la mishumaa minne nimetengeneza mwenyewe, matawi ya msonobari yaliyokatwa bustanini kwa bibi wa chini, waya, na mishumaa myekundu. Nimewaambia watoto asili yake maana ni nzuri: mwaka 1839 mchungaji Wichern kule Hamburg alikuwa analea watoto wa mitaani, kila siku wanamuuliza Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa mikubwa 4 ya Jumapili na midogo ya siku za kazi, kila jioni wanawasha mmoja zaidi wanahesabu wenyewe. Bado mimi nikikaa mbele ya lile shada naona ni jibu la mtu mzima aliyechukulia swali la mtoto kwa uzito.

Mama amepiga kwa video, kule walikuwa wanatoka ibada ya jioni maana wametutangulia saa mbili. Nimemuonyesha nyota. Amesema "leta karibu", nikaleta karibu, akasema "hizo ncha nyingi mno, baba yako angezihesabu."

Jumamosi 9 Desemba

Ncha mpya 25 zimekamilika, kazi ya leo ilikuwa kiini. Hapa tumepoteza saa mbili na nusu, naandika ili mwakani tusirudie. Tulikata pande 26, kila moja na tundu katikati la kupitisha nuru na vimdomo vya kuunganishia, lakini wawili wetu tulipima sentimita 12 kwa kutoa vimdomo na wawili tukapima pamoja na vimdomo, kwa hiyo nusu ya miraba ilikuwa na sentimita 12 na nusu ina 10. Ukiangalia mezani huoni, ukianza kuunganisha duara halifungi, linajikunja kama sahani iliyoyeyuka. Dawa: kipimo kimoja cha kadibodi, kinakatwa na mtu mmoja, wote wanachora kwa kuzungushia hicho hicho. Hakuna rula tena.

Tulipopata miraba 8 ya katikati ikafunga yenyewe. Mwanangu akachukua penseli akaandika namba ndani ya kila upande, 1 mpaka 26, na namba hiyohiyo ndani ya ncha inayokaa hapo. Hakuna aliyemwambia. Yule anayelia na kitabu cha hesabu kila Jumanne.

Saa tatu usiku kiini kimekaa mezani, ncha 3 zimefungwa kwa majaribio, tochi ndani, na nuru inapita laini kama ngozi ya yai ukiiinua kwenye jua.

Jumatano 13 Desemba

Zamu ya usiku, nyumba ya wazee imelala, naandika kwenye simu.

Habari ya wimbo. Kwetu Wamoravian kuna desturi ya usiku wa Krismasi mtoto mmoja anaimba mstari peke yake na kanisa zima linamjibu. Tumempa binti wa miaka 7 wa familia ya Kikongo, sauti yake ni safi, lakini Kiswahili chake kimekaa masikioni, mdomoni Kijerumani. Kwenye neno "nuru" ile r anaivuta kooni, kama anavyosema shuleni, inatoka "nughu". Mama yake ananitumia odio kila jioni, nasikiliza wakati wa mapumziko saa saba usiku, spika nimeisogeza sikioni nisiamshe wazee. Odio ya kwanza nughu. Ya pili nughu. Juzi nikamwambia mama yake aache kumsahihisha, amwambie tu aweke ulimi mahali anapouweka akisema "dada", alafu auguse tu na kuuachia. Leo odio imekuja, sekunde 14, "nuru" moja ya kwanza bado, ya pili bado, ya tatu ikatoka. Na unamsikia kabisa anasimama, anajisikia, alafu anaendelea kuimba. Nimeirudia mara nne.

Jumapili 17 Desemba, Majilio ya tatu

Mazoezi ya mwisho ukumbini na kuning'iniza nyota. Msimamizi wa jengo ni mzee wa Kijerumani mkimya, alikuja na ngazi yake na orodha yake. Balbu lazima iwe ya LED, hatutaki joto ndani ya karatasi, tumeweka ya wati 6. Waya na soketi akataka kuviona, akaangalia alama ya usalama ya Ulaya, CE, akavuta kila kiungo. Mishumaa ya watoto: anataka ndoo mbili za maji, ndoo ya mchanga, mtungi wa kuzimia moto mlangoni, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano. Vijana wetu wawili walianza kununa kwamba tunachungwa sana. Mimi nilikuwa upande wake, nimehudumia watu walioungua, nguo za sherehe na krepu ni kitu cha sekunde.

Akapanda ngazi yeye mwenyewe, akafunga ndoano, akaomba nyota. Tukampandishia watu wanne mikono juu. Alipoifunga akaizungusha polepole akaitazama kila upande, akahesabu kwa Kijerumani mpaka 25, akashuka, akauliza nani ameandika namba ndani. Mwanangu akainua mkono. Mzee akampa mkono kama mtu mzima, akamwambia alipokuwa mdogo baba yake alikuwa anaandika namba hivohivo, kwa penseli.

Ratiba yetu ya tarehe 24 ndo ngumu. Asubuhi wenyeji wana ibada ya Jumapili ya 4, saa tisa wana igizo la watoto, saa kumi na moja ibada ya jioni, saa tano usiku ya usiku. Sisi tumepewa saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu. Tuna dakika 40 za kuandaa.

Jumamosi 23 Desemba

Maduka kesho yamefungwa kwa sababu ni Jumapili, na keshokutwa na mtondo pia sikukuu, kwa hiyo leo ndo mwisho wa kununua chochote, foleni za maziwa zimefika kwenye friji za nyama. Nilishanunua Alhamisi.

Maandazi: tunafanya ile karamu ya upendo ya Wamoravian, ambayo ilianza Herrnhut Agosti 1727, watu wanakaa kanisani wanakula kitu kidogo pamoja huku wanaimba. Wenzetu huku wanatoa mikate mitamu na chai, sisi maandazi ya iliki na chai ya Tukuyu ambayo dada mmoja amebeba kilo mbili kwenye sanduku alipotoka likizo. Unga kilo 3, nikakata 116. Nilianza kukanda saa kumi na moja alfajiri, kwenye hii baridi unga hauumuki, nikaweka beseni bafuni na kufungulia hita mpaka mwisho, baada ya saa moja na nusu ulikuwa umevimba umeinua kitambaa. Bibi wa chini alipanda kwa harufu. Aliondoka na sita kwenye sahani na akarudi na keki yake ya Krismasi ile nzito ya Dresden yenye zabibu na sukari ya unga juu.

Mishumaa ya watoto 31, kila mmoja amevishwa krepu nyekundu iliyokatwa kama mashada. Hii nayo ina tarehe yake, 20 Desemba 1747, Marienborn, kwenye ibada ya watoto mchungaji aliwapa kila mmoja mshumaa mdogo wenye utepe mwekundu. Nimekata krepu pana chini kuliko kawaida ili nta isidondokee vidole.

Mti wa nyumbani umesimama toka jana jioni, ni mdogo, mita moja na robo. Baba watoto ameufunga taa. Amechoka, amebeba viti vya watu wote wiki hii bila kusema neno, naliandika hapa ili lijulikane.

Jumapili 24 Desemba

Naandika saa saba usiku, kesho naamka saa kumi na nusu kwa zamu ya asubuhi.

Tulisubiri nje kwenye mvua, theluji yote ilishayeyuka, wenyeji walipomaliza kutoka tukaingia kwa kasi. Dakika 40: migomba hatuna, kwa hiyo mlangoni tukasimamisha misonobari miwili midogo ya kwenye vyungu na kuifunga vitenge, hiyo walibuni kina mama wa Bukavu, ilikuwa nzuri kuliko nilivyofikiria. Meza, vikombe, chupa za chai 9, ndoo za maji, ndoo ya mchanga. Kuna familia ya Kijerumani haikuondoka, ilikaa nyuma, alafu nikaona na msimamizi wa jengo naye amekaa, amevaa tai.

Ibada ilianza gizani. Mchungaji alisoma Isaya 9, watu waliokwenda katika giza, kwa Kiswahili, alafu kijana akasoma kwa Kijerumani. Alafu yule binti akasimama mbele, mshumaa mkononi, gauni jeupe, koti la baridi juu yake kwa sababu mama yake amekataa kulivua. Nilisahau kupumua. Aliimba mstari wa kwanza, akafika kwenye lile neno, na r ikatoka, imeguswa na kuachiwa, safi kabisa, na baba wa Burundi aliyekuwa kwenye swichi akawasha nyota hapohapo.

Kanisa lilitakiwa kumjibu. Hatukujibu mara moja. Kina mama walikuwa wanatazama juu, nadhani ilikuwa sekunde tatu nne hivi, alafu mzee mmoja wa Mbeya akaanza na sauti yake nzito na wote tukaingia. Beti ya pili binti aliimba kwa nguvu zaidi, beti ya tatu watoto wengine wakamsaidia bila kuambiwa.

Maandazi yaliisha. Chai ilibaki chupa moja, ameichukua msimamizi wa jengo. Hakuna aliyeungua. Saa tatu na dakika 25 ukumbi ulikuwa umefagiwa, na wenyeji wameomba nyota yetu ibaki palepale kwa ibada yao ya saa tano, tukaiacha inawaka.

Nilimpigia mama nikiwa kwenye tramu, kule ilikuwa imeshapita saa sita usiku, hakuwa amelala. Nikamtumia video. Aliiangalia yote, kisha akasema nimuonyeshe tena pale inapowaka.

Jumamosi 6 Januari 2024

Tumeishusha leo. Ncha 22 nzima, 3 zimebonyea pale zilipogusa ngazi, namba 4, 9 na 17, hizo tutazikata upya. Zimeingia moja ndani ya nyingine kama vikombe, miraba kwenye sanduku moja na pembetatu kwenye jingine, kiini peke yake kimefungwa kwenye mfuko wa mashuka. Kipimo cha kadibodi kimebandikwa ndani ya kifuniko, na juu yake nimeandika "gramu 130, siyo 300". Sanduku liko juu ya kabati langu, funguo ya stoo ya kanisa iko kwa baba wa Burundi. Mwaka huu Majilio yanaanza tarehe 1 Desemba, tuna siku mbili za nyongeza.

Tulipokuwa tunapanga nimeona ndani ya ncha namba 1, ile ya chini kabisa inayomwelekea mtu akisimama mbele ya meza, chini ya namba mwanangu ameandika jina la babu yake na "Tukuyu". Sikuwa nimeliona. Muda wote huo lilikuwa linawaka kwa ndani.